Lumumba na ile karte: karani aliyepitia migodini



Hapa kwetu Katoyi jina la Patrice Lumumba linajulikana mpaka kwa watoto wadogo. Lakini mu mikutano yetu ya sindika tumeona kitu kimoja: vijana wengi wanajua namna alikufa, wachache wanajua namna aliishi. Na karibu hakuna anayejua kama, mbele ya kuwa waziri mukuu, alifanya kazi mu kampuni ya migodi mu Kivu ya zamani. Leo tunapenda kusimulia maisha yake kwa upande huo, upande wa mutu mweusi mwenye mushahara, aliyeishi chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Kwanza alitafuta mulango wa kupita yeye na wachache wenzake. Kisha akaelewa kama mulango huo ulikuwa mwembamba kwa kusudi.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 mu kijiji cha Onalua, karibu na Katako-Kombe, inchi ya Sankuru, mu Kasai. Wazazi wake walikuwa Watetela, watu wa shamba. Alisoma kwa wamisioni, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti pia, bila kufika mbali sana. Mengi aliyoyajua baadaye aliyasoma yeye mwenyewe, usiku, kisha kazi.

Wazee wetu wanakumbuka namna Kongo ya Wabelgiji ilikuwa. Muzungu alikaa mu ville, mweusi alikaa mu cité. Usiku ukiingia, mweusi bila ruhusa hakuweza kutembea mu barabara za wazungu. Hospitali zilikuwa mbili, shule mbili, nafasi mbili mu mashua na mu treni. Fimbo ilikuwa ndani ya sheria. Na mukazini, mweusi aliitwa msaidizi hata kama ni yeye aliyefanya kazi yote, na mushahara wake haukukaribia ule wa muzungu aliyekaa naye mu biro moja.

Mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 18, Lumumba aliacha kwao akaenda Maniema, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya jimbo la Kivu. Alipata kazi mu kampuni ya migodi ya bati, upande wa Kalima. Ilikuwa wakati wa vita kubwa ya pili. Wajapani walikuwa wamekwisha kukamata migodi ya bati ya Asia, kwa hiyo Waingereza na Wamarekani walihitaji bati ya Kongo. Serikali ya koloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji, kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walitolewa vijijini kwa nguvu, wengine migodini, wengine kukata mpira porini. Kijana Lumumba hakuwa mu shimo, lakini alikuwa pale ambapo jasho la wale wa mu shimo lilipimwa na kuandikwa.

Tukumbuke pia kama miaka miwili tu mbele ya hapo, mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walifanya mugomo kule Katanga. Walikuwa wameona wazungu wa kampuni ileile wanadai nyongeza na kuipata. Nao wakaomba yao. Tarehe 9, mu kiwanja cha mupira cha Elisabethville, siku ya leo Lubumbashi, askari walipiga risasi, na watu wengi walikufa. Musemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa palepale. Naye alikuwa karani. Mpaka mwaka 1946 mweusi hakuwa na haki ya kuunda sindika, na hata kisha hapo sindika yake iliwekwa chini ya macho ya serikali.

Mwaka 1944 Lumumba akafika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, akaingia mu posta. Alipelekwa Léopoldville kusomea kazi hiyo, akarudi, akakaa mu posta zaidi ya miaka kumi. Alikuwa mutu asiyejua kupumzika. Aliandika mu magazeti. Alianzisha chama cha wafanyakazi weusi wa posta wa jimbo la Orientale, akaongoza na chama cha wale walioitwa evolue. Hao evolue walikuwa weusi waliosoma kidogo, wenye kuvaa viatu na kusema kifaransa. Wazungu waliwaonyesha kama alama ya kazi nzuri ya koloni, lakini hawakuwaruhusu kukaa nao meza moja.

Sasa tunafika kwa ile karte. Mwaka 1948 serikali ilianzisha karte ya mwenendo mwema, na 1952 ikaongeza ile kubwa zaidi, waliyoita immatriculation. Mweusi mwenye kuipata alihesabiwa mbele ya sheria karibu sawa na muzungu. Lakini kuipata! Wakaguzi walikuja mpaka mu nyumba. Waliangalia kama munakula na uma, kama bibi yako anakaa nawe mezani, kama watoto wanalala mu chumba chao, kama choo ni safi. Walikuuliza maswali sawa na mutoto wa shule. Mu inchi yenye watu karibu milioni 14, wale walioipata mpaka karibu na uhuru hawakupita mia chache.

Lumumba aliiomba. Wakamukatalia. Akaomba tena, akalalamika kwa wakubwa, na mwaka 1954 wakamupa. Tusifiche jambo hilo, na tusimucheke. Wakati ule aliamini kweli kama Wabelgiji na Wakongo wangeweza kujenga inchi moja, na kama waliosoma wangetangulia ili wengine wafuate. Mwaka 1955 mufalme Baudouin alipopita Stanleyville, Lumumba alizungumza naye. Mwaka 1956 alipelekwa Ubelgiji kutembea na kujionea. Angeweza kuishia hapo, mutu wa heshima mwenye karte mufukoni, na leo jina lake lisingejulikana na mutu.

Aliporudi kutoka Ulaya walimukamata juu ya pesa za posta. Hapo pia tuseme ukweli: pesa zilikosekana kweli, naye alikubali. Mushahara wake ulikuwa mudogo kwa maisha ambayo karte ile ilimuomba aishi, maana evolue alitakiwa kuvaa, kula na kupokea wageni kama muzungu, bila kulipwa kama muzungu. Rafiki zake walichanga, pesa zikarudishwa. Hata hivyo alifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Mu buloko aliandika kitabu juu ya siku za mbele za Kongo, ambacho kilitoka 1961 wakati yeye alikuwa amekwisha kufa. Mutu akikisoma anaona bado anaomba kwa upole, bado anawatetea zaidi wale waliosoma.

Mwaka 1957 akatoka, akaenda Léopoldville kuuza pombe ya Polar. Kazi hiyo ilimuingiza mu cité, mu mabaa, kati ya wafanyakazi na watu wasio na kazi, wasio na karte hata moja. Hapo ndipo tunaona mutu anageuka. Mwezi wa kumi 1958 yeye na wenzake wakaunda MNC, chama kilichokataa kuwa cha kabila moja. Mwezi wa kumi na mbili akaenda Accra, mu mukutano wa watu wa Afrika yote uliofanywa kwa Kwame Nkrumah, pale alipokutana na wanasindika na wapiganaji kutoka pande zote, kati yao Tom Mboya wa Kenya. Aliporudi hakuomba tena nafasi ya evolue. Aliomba uhuru wa kila mutu, na upesi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa kumi 1959, kisha mukutano wa chama chake Stanleyville, kulitokea fujo, watu wakafa, naye akafungwa tena. Mwezi wa kwanza 1960 walimupeleka mpaka gereza la Jadotville, leo Likasi, mu inchi ya migodi ya Katanga. Lakini wenzake waliokuwa Bruxelles kuzungumzia uhuru walikataa kuendelea bila yeye. Ikabidi afunguliwe. Alitoka mu gereza la muji wa migodi, akapanda ndege, akaingia mu mukutano na wakubwa wa Ubelgiji, alama za pingu zikiwa bado mukononi.

Mu uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 MNC yake ilipata viti 33 juu ya 137, zaidi ya chama kingine chochote. Kwetu Kivu, chama cha CEREA kiliungana naye, na Anicet Kashamura, mutu wa Kivu, akawa waziri wake wa habari. Tarehe 30 mwezi wa sita, mbele ya mufalme, Lumumba alisema mambo ambayo hayakuwa mu programu. Mufalme alikuwa amesifu kazi ya Wabelgiji. Lumumba akakumbusha ile kazi ilivyokuwa kwa aliyeifanya: mushahara usiotosha kula wala kuvaa, matusi na fimbo asubuhi mpaka jioni, mweusi kuitwa kama mutoto, sheria moja kwa muzungu na nyingine kwa mweusi, nyumba nzuri za ville na vibanda vya cité. Wazungu waliona ni matusi. Lakini wale waliosikiliza kwa redio walisikia maisha yao wenyewe, na kwa mara ya kwanza yalisemwa na mutu mukubwa mbele ya wakubwa.

Serikali yake haikufika hata miezi mitatu. Askari waliasi maofisa wao wazungu. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ikajitenga, na Union Minière ikalipa kodi yake kwa Katanga, si kwa Kongo. Tarehe 5 mwezi wa tisa raisi Kasavubu akatangaza kumuondoa, siku chache kisha Mobutu akakamata madaraka. Lumumba alijaribu kutoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa mu njia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 walimupeleka Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule wote watatu walipigwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Ubelgiji. Alikuwa na miaka 35. Kisha wakafukua maiti, wakaikata na kuiyeyusha mu asidi, ili kusibaki kaburi la kwenda kulia.

Bibi yake, Pauline Opango, aliishi ujane mpaka 2014 bila kuzika kitu. Jino moja tu lilikuwa limebaki, lilichukuliwa na polisi Mubelgiji mumoja wa wale walioharibu maiti. Ubelgiji ililirudisha kwa watoto mwezi wa sita 2022. Likapitishwa kwao Sankuru, Kisangani na Katanga, likazikwa Kinshasa, pale Limete, tarehe 30 mwezi wa sita.

Sisi watu wa migodi, hadithi hiyo ya mujane bila kaburi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tunao wamama hapa hapa mu kartie ambao mulima ulianguka juu ya bwana zao, kisha siku tatu mwenye shimo akasema kuchimbua maiti ni hasara, na kazi ikaendelea mu shimo la pembeni. Kila mara sindika inapoomba maiti itolewe mbele ya kazi kuanza tena, tunaombea kitu ambacho familia ya Lumumba ilikingojea miaka 61.

Na ile karte? Ubaguzi wa rangi ulitolewa mu sheria, lakini desturi yake haikutoka yote. Baadhi yetu tumefanya kazi mu kampuni moja yenye nyumba mbili za kulia, moja ya waliotoka ng'ambo, nyingine ya wenyeji, na mashine ileile ilikuwa na mishahara miwili kufuatana na mwenye kuiendesha. Tumeona pia mwenzetu anafanywa kapita, anapewa kofia ya rangi nyingine, na kesho yake hajui tena njia ya mukutano. Hatumulaumu kupita kiasi. Lumumba mwenyewe alianzia pale.

Sheria ya migodi ya 2002 inaomba muchimbaji wa mikono awe na karte. Hatusemi watu wasiichukue. Mwenye kuweza, aichukue. Lakini siku askari wanafukuza wale wasioweza kuilipa, mwenye karte asiseme mufukoni mwake kumetulia. Mugomo unaofanywa na wenye karte peke yao unavunjwa mu siku mbili, hilo tumekwisha kuliona.

Ndiyo sababu tumeweka jambo hili mu mafundisho ya vijana wetu mwaka huu. Wakiuliza Lumumba alikuwa nani, tusiwaonyeshe tu picha ya mutu mwenye miwani na mikono iliyofungwa. Tuwaambie juu ya karani wa Kalima na wa posta, aliyepata ile karte kwa shida, na kisha akasimama na wale ambao hawangeipata hata siku moja.