Mfahamu Wilhelm Maybach, yatima aliyezipoza injini za magari

Madereva wanaopandisha mchele kutoka Mbugani, Kyela, kwenda Tukuyu wanaujua vizuri mlima ule. Gari linapanda takriban mita 1,000, injini inanguruma kwa gia ndogo, na macho ya dereva hayabanduki kwenye mshale wa joto. Likichemsha, safari imeishia hapo.

Ugonjwa huu ni wa tangu magari yalipoanza, na aliyeupatia dawa ni Mjerumani Wilhelm Maybach. Wengi wanalijua jina lake kupitia magari ya kifahari. Kumbe mwenyewe alikulia kwenye kituo cha yatima.

Maybach alizaliwa Februari 9, 1846 mjini Heilbronn, mtoto wa fundi seremala. Hadi anafikisha miaka 10 alikuwa ameshafiwa na baba na mama. Akachukuliwa na kituo cha Gustav Werner mjini Reutlingen, ambako watoto walisoma huku wakifundishwa kazi za mikono. Huko ikaonekana kijana ana kipaji cha kuchora mashine.

Hapo ndipo alipokutana na Gottlieb Daimler, aliyekuja kusimamia karakana ya kituo. Daimler alimzidi miaka 12. Wakashibana, na kila Daimler alikohamia kikazi, Maybach alimfuata.

Mwaka 1882 walijifungia kwenye kibanda cha bustani ya Daimler, Cannstatt, wakiunda injini ndogo ya petroli. Kelele za usiku zikaleta maneno. Polisi wakavamia wakidhani ndani kunatengenezwa fedha bandia, wakakuta vyuma na spana tu. Mwaka 1885 injini yao ikaendesha pikipiki ya mbao.

Lakini joto likawa tatizo. Petroli ikiungua ndani ya silinda, ni sehemu tu ya nguvu yake inayosukuma gari. Sehemu kubwa inageuka joto. Joto hilo lisipotolewa, vyuma vinatanuka, oili inakuwa nyepesi, na mwisho pistoni inakwama.

Magari ya kwanza yaliacha maji yachemke na kupotea kama mvuke. Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, kama kilomita 106, ilibidi asimame mara nyingi njiani kuongeza maji.

Maybach akaanza kuutafuta ufumbuzi kidogo kidogo. Gari lao la mwaka 1889 lilizungusha maji ndani ya mabomba ya fremu yenyewe, yaani kiunzi cha gari ndicho kilichokuwa kipozeo. Mwaka 1897 akaja na rejeta ya mirija. Hata hivyo, injini kubwa zaidi zilihitaji kitu bora zaidi.

Jibu likapatikana mwaka 1900. Maybach aliunganisha vijibomba 8,070, kila kimoja kikiwa na tundu la mraba la milimita 6 kwa 6, vikapangana kama sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katikati yao. Nyuma akaweka feni ya kuvuta hewa gari linapokwenda polepole.

Siri yake ni kwamba maji machache yakitandazwa kwenye eneo kubwa linalopigwa na hewa hupoa haraka. Lita 9 zikatosha, karibu nusu ya zile zilizohitajika awali, na gari likawa jepesi.

Rejeta hiyo ilifungwa kwenye gari la nguvu farasi 35 lililoagizwa na mfanyabiashara Emil Jellinek, ambaye alilipa jina la binti yake, Mercedes. Machi 1901 gari hilo likawagaragaza wapinzani kwenye mashindano ya Nice, Ufaransa, yakiwemo ya kupanda mlima.

Miaka 6 baadaye, Agosti 10, 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililopozwa kwa maji, akavuka bara hadi Swakopmund, Namibia ya leo. Alifika Mei 1, 1909.

Kwa Maybach mwenyewe mambo hayakuwa mazuri. Daimler alifariki Machi 1900, kabla hajaona ushindi wa Nice, na rafiki yake akabaki bila mtetezi. Mivutano na wakubwa wa kampuni ikamsukuma pembeni. Mwaka 1907, akiwa na miaka 61, akaondoka kwenye kampuni aliyoijenga.

Hakukata tamaa. Mwaka 1909 yeye na mwanawe Karl walianza kutengeneza injini za ndege-puto za Zeppelin. Magari ya kifahari yenye jina la Maybach yalikuja baadaye, na yalikuwa kazi ya Karl. Mzee alifariki Desemba 29, 1929, akiwa na miaka 83, akazikwa Cannstatt, makaburi yaleyale alikolazwa Daimler.

Rejeta za leo zimegeuza mpango wake: maji yanapita ndani ya mirija, hewa inapita nje kati ya vibati vyembamba. Lakini kanuni ni ileile. Ndiyo maana rejeta iliyoziba kwa tope na majani haipozi hata ukiijaza maji pomoni, kwani hewa haina pa kupita. Kabla ya kuupandisha mlima wa Tukuyu, isafishe. Na likishachemsha, usifungue mfuniko mpaka lipoe.