Ernst May: Kutoka Ukuta wa Baridi hadi Ukuta wa Jua

Ghorofa mpya za Mchafukoge zinavaa vioo kuanzia chini hadi juu. Ikifika saa nane mchana, chumba kinachotazama magharibi ni tanuri, kiyoyozi kinaunguruma, na LUKU inakwisha. Wenzetu mnaosoma ujenzi, kabla hamjachora kioo kingine, mjueni mzee Ernst May.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Mwaka 1925 mji huo ulimkabidhi kazi ya ujenzi wakati watu wa kipato kidogo hawana pa kulala. Shida haikuwa nyumba tu. Kule baridi ni kali, na joto la jiko likitoroka kupitia ukutani, familia inachoma makaa bure. May akaanzisha kiwanda cha mabamba ya ukuta: urefu mita 3, kimo mita 1.1, unene sentimita 20, yanainuliwa kwa winchi na kupangwa moja juu ya jingine. Ujanja wote ulikuwa kwenye zege lenyewe. Lilichanganywa na pumisi, jiwe jepesi la volkano lenye matundu kama andazi lililoumuka vizuri. Hewa iliyonaswa ndani ya matundu haipitishi joto upesi, kwa hiyo ukuta mwembamba uliweza kufanya kazi ya ukuta mnene wa matofali. Kwa jumla, chini ya uongozi wake Frankfurt ilipata nyumba zaidi ya 10,000, ingawa nyingi zilijengwa kwa njia za kawaida.

Mwaka 1930 akaenda Urusi ya Kisovyeti kupanga miji. Mkataba ulipokwisha, Wanazi walikuwa wameshika nchi yake. Hakurudi. Akaja Tanganyika mwaka 1934, akalima kahawa karibu na Arusha! Baadaye akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka, Waingereza wakamweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani.

Huku kwetu hesabu iligeuka: joto linatakiwa libaki nje. Akabuni tena nyumba ya vipande vya zege, safari hii kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, lakini haikuenea. Tusimpambe sana, jamani. Mpango wake wa kupanua Kampala uliwatenga watu kwa rangi, na Mwafrika alipangiwa makazi kama mtoto wa kufundishwa namna ya kuishi.

Moshi ndiko alikotuachia jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Alilibuni mwishoni mwa miaka ya 1940. Pale kivuli na upepo vinafanya kazi ambayo Mchafukoge tumeiachia mashine.

Miaka ya 1950 alirudi Ujerumani kujenga makazi katika miji iliyobomolewa na vita, akafariki Hamburg mwaka 1970. Jengo la Moshi bado limesimama katikati ya mji, na nauli ya basi hadi huko ni ndogo kuliko bili ya mwezi ya kiyoyozi kimoja.