Krapf wa Rabai na maombi yaliyopotoshwa Shakahola

Neno maombi limeingia doa katika pwani yetu. Tangu mwezi wa Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, nyuma ya mji wa Malindi, mtu akitajiwa kufunga na kuomba huguna kwanza kabla ya kujibu. Waliofukuliwa walizidi 400, wakiwamo watoto wengi, na wengi wao walikuwa wamekufa kwa njaa. Waliaminishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ndiyo njia ya mkato ya kumwona Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka, na kuamua kesi ni kazi ya mahakama, si yangu. Linalonishughulisha ni neno lenyewe na hali lililoachwa nalo.

Katika mabishano yaliyofuata nilisikia kauli za namna mbili. Wapo waliosema kwamba maombi ndiyo maradhi yenyewe, na kwamba Mkristo mwenye akili timamu ataishi vyema zaidi akiyapunguza. Wapo pia waliosema kwamba dawa ni vyeti, kila mhubiri apimwe elimu yake kabla ya kupanda mimbarini. Mimi ni mwalimu wa isimu. Sina cheo kanisani wala serikalini. Hata hivyo, kazi yangu imenikutanisha kwa miaka mingi na maandishi ya mtu mmoja aliyeishi Rabai, katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, naye alikuwa mtu wa maombi kuanzia utotoni hadi pumzi yake ya mwisho. Sisi wanaisimu humtaja Johann Ludwig Krapf kwa ajili ya kamusi na sarufi. Wanajiografia humtaja kwa ajili ya mlima aliouona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, ule uliotupa jina la nchi yetu. Ni nadra kumsikia yeyote akiyataja magoti yake, ilhali bila hayo sidhani kwamba mtu huyu anaeleweka.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji kilicho karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kumdhania mtoto mwingine, akalazwa nyumbani muda wa miezi sita. Katika kipindi hicho kirefu cha kitandani alisoma Biblia na kujizoeza kusali peke yake. Tukumbuke kwamba alikulia katika nchi ya Württemberg, ambako kulikuwa na Wakristo wengi walioshikilia kuwa ibada ya Jumapili haitoshi, na kwamba imani hukomazwa nyumbani, kwa Biblia iliyo wazi mezani na maombi ya kila siku. Mambo mengine ya ujana wake tuyapite kwa haraka: chuo cha wamisionari cha Basel, masomo ya theolojia Tübingen, kisha Uhabeshi kwa niaba ya chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, kuanzia mwaka wa 1837. Huko alifukuzwa Adwa, akakaa Shewa kwa Mfalme Sahle Selassie, na hatimaye milango ikafungwa asiweze kurudi.

Uhabeshi ulimwachia msiba na neno. Mwaka wa 1843, akijaribu kuingia tena nchini humo pamoja na mkewe Rosine, mke huyo alijifungua kabla ya wakati wake wakiwa nyikani. Mtoto akabatizwa, akafa. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Januari 1844 Krapf alifika Unguja. Seyyid Said, sultani Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na Mei mwaka huohuo Krapf na mkewe wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Wale wanaodhani kwamba dini hizi mbili za pwani hazijawahi kuketi meza moja na wausome mwaka huo. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847.

Mwezi haukupita sana ila homa ikaingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike mapema Julai, na tarehe 13 akafariki. Mtoto naye akamfuata mamake baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, hata kusimama hawezi. Jambo ambalo limenishika kila nilisomapo ni lile aliloomba Rosine kabla ya kukata roho. Aliwaombea jamaa zake, akaiombea misheni, akaiombea Afrika Mashariki, kisha akamwombea sultani, Mungu auelekeze moyo wake katika heri ya raia zake. Akataka azikwe bara, njiani wapitapo watu wa nyika. Kaburi lake lingali Nyali.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji niseme kidogo kama mwanaisimu. Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya jambo hili. Kusali kunatokana na neno la Kiarabu ambalo wataalamu hulifuatilia hadi Kiaramu, lugha ya Wakristo wa Shamu kabla ya Uislamu; na Krapf, aliyejua Kihabeshi cha kale, hakukosa kuutambua udugu wa neno hilo na lile alilolisikia makanisani Shewa. Kuomba ni neno letu la Kibantu, nalo halina makuu: aombaye Mungu na aombaye maji ya kunywa kwa jirani wanatumia kitenzi kimoja. Warabai na Wagiriama wana kuvoya. Lakini utajiri halisi umo katika mnyambuliko. Ukiongeza kiambishi cha kauli ya kutendea, kuomba kunakuwa kuombea, na papo hapo sentensi inadai mtu wa tatu. Huwezi kusema nimeombea ukanyamaza. Msikilizaji atakuuliza umemwombea nani. Rosine alikufa katika kauli ya kutendea. Yale yaliyohubiriwa msituni Shakahola, kwa kadiri yalivyosimuliwa na walionusurika, yalimwondoa mtu wa tatu. Kila mmoja alikuwa anakwenda zake kumwona Bwana, hata kama mwanawe alikuwa analia njaa kando yake.

Turudi kwa Krapf. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake wa Württemberg. Tarehe 25 Agosti walihamia Rabai, wote wawili wagonjwa, wakipokezana punda mmoja kupanda kilima. Wazee wa Rabai waliwapokea na kuwaruhusu kujenga. Nimewapeleka wanafunzi wangu huko mara kadhaa. Nyumba za wamisionari hao wawili zingali zimesimama, na kanisa kongwe lililojengwa baadaye linahifadhi kumbukumbu zao. Wanafunzi huuliza walikuwa na waumini wangapi. Jibu huwashangaza. Ibada za kwanza zilihudhuriwa na watu wachache, na baadhi yao waliuliza chakula kiko wapi, kwani kwa desturi yao mkutano wa kumwomba Mungu bila kula pamoja ulikuwa kitu kisichoeleweka. Krapf alisikitika, akaona ni tamaa ya tumbo. Kwa maoni yangu wazee hao walikuwa na hoja nzito kuliko alivyoikadiria, na yaliyotokea Shakahola yameipa hoja hiyo uzito zaidi.

Sitaki kumfanya Krapf malaika. Alizihukumu mila za kaya kwa ukali wa mtu asiyetaka kuzisikiliza hadi mwisho, na aliyaona maombi ya wazee kuwa ujinga mtupu, ingawa wao pia walimwomba Mulungu mvua kwa ajili ya watu wote. Alikuwa na ndoto ya kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi bahari ya Atlantiki, huku hapo Rabai hana hata waumini wa kujaza benchi moja. Katika miaka yake ya pwani matunda ya kuhesabika yalikuwa machache mno. Alikuwapo Mringe, kiwete aliyekuwa akija kusikiliza na hatimaye akabatizwa akiwa mahututi. Alikuwapo pia Abe Gunja. Mtu anayeomba ili apate idadi angefunga virago mapema.

Lakini kila siku ilikuwa na sala yake, na baada ya sala, kazi. Alikusanya maneno kama mtu aokotaye shanga, kwa Kiswahili, kwa Kirabai, kwa Kikamba. Injili ya Luka kwa Kirabai ilipigwa chapa Bombay mwaka wa 1848. Sarufi ya Kiswahili ilitoka Tübingen mwaka wa 1850. Mwaka wa 1854, mjini humohumo, kilitoka kijitabu cha sala za asubuhi na jioni za Kanisa la Uingereza, kwa Kiswahili cha Mombasa na kwa herufi za Kirumi. Tahajia yake ni ya ajabu kwa macho ya leo, lakini msingi wake ni wazi: mtu asilazimishwe kusali kwa lugha asiyoitumia kumwita mtoto au kuuliza bei ya samaki.

Lipo tukio moja la mwaka wa 1851 ambalo ningependa kila anayeshuku maombi, na kila anayeyatumia vibaya, alijue. Krapf alikuwa safarini Ukambani pamoja na Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Karibu na mto Tana msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akajikuta peke yake porini, bila chakula, katika nchi asiyoijua. Alifika mtoni, akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akaziba kwa majani, akaanza kurudi akitembea usiku. Miiba ikazibua mitutu, mfuko ukavuja, maji yakaisha. Kiu ilipomzidi, alimwomba Mungu. Kisha akasikia kelele za nyani. Alijua kwamba palipo nyani maji hayako mbali, akazifuata sauti hadi kwenye mkondo mkavu wa mto, akakuta shimo ambalo wanyama hao walikuwa wamelichimba mchangani, lina maji. Akashukuru, akanywa. Halafu, na hili ndilo nilipendalo zaidi, akaimimina baruti yake katika leso ili pembe ya baruti ipate nafasi ya kuchukulia maji ya safari. Alikuwa na njaa na kiu kali, lakini hakuona kwamba kufa kwazo ni utakatifu. Aliomba apate kuishi, akaamka kutafuta.

Wengine walikuwa wameona kabla yake kwamba sala katika pwani hii haijihifadhi yenyewe. Mwaka wa 1542 Francis Xavier, akiwa njiani kwenda Goa, alipumzika Malindi. Mwislamu mmoja mwenye hadhi mjini alimuuliza kama Wakristo walikuwa bado na bidii ya sala, akamlalamikia kwamba misikiti ya Malindi ilikuwa 17 na iliyokuwa ikiendewa ni 3 tu, tena na watu wachache. Padri na Mwislamu huyo hawakukubaliana kuhusu sababu, lakini wote wawili waliona ni hasara.

Krapf aliondoka mwaka wa 1853, afya imemwishia, akaweka makao Korntal, mji mdogo wa watu wa sala ulioanzishwa mwaka wa 1819. Alirudi mara moja tena pwani, akiwaongoza Wamethodisti waliofungua misheni ya Ribe mwaka wa 1862, kisha mwili ukamkatalia. Rebmann alibaki Rabai miaka 29, akapofuka. Mwaka wa 1875 alisindikizwa hadi Ulaya na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa yule Abe Gunja, akafariki Korntal mwaka wa 1876. Katika miaka ya 1880 Rabai, kituo kilichodhaniwa kimeshindwa, kikawa kimbilio la watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani.

Krapf hakuyaona hayo yakikamilika. Aliendelea kupanga vidahizo vya kamusi yake na kuwaombea watu wa Rabai, wengi wao wakiwa watu ambao hangewaona tena. Usiku mmoja wa Novemba 1881 aliingia chumbani mwake kulala kama kawaida. Asubuhi, tarehe 26, alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Walimzika karibu na Rebmann. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.