Abu Mihjan: Mlevi Aliyejirudisha Pinguni

Ndugu yetu mmoja wa Likoni alitungoja baada ya darasa mpaka watu wote wakatoka, ndipo akatuuliza suala ambalo twajua si lake peke yake. Alisema kwamba kwa miaka mingi ametaka kuacha tembo, na kila anayemwendea humwambia aende katika kikao cha walevi wanaotaka kuacha, asimame mbele ya watu, ajitaje na aeleze aibu yake. Yeye hawezi. Wakwe zake wako mtaa huo huo, na neno likisemwa kikaoni jioni, asubuhi limeshavuka feri. Basi akauliza: je, asiyeweza kukaa katika kikao hicho, hana njia?

Tumeona bora tumjibu yeye, na walio kama yeye Kisauni na Changamwe, kwa kueleza khabari za mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Mtu huyo ni Abu Mihjan wa kabila la Thaqif, sahaba, mshairi na shujaa, naye alikuwa mlevi ambaye viboko havikumrudi. Jina lake lenyewe wanavyuoni wamekhitilafiana: wako waliosema ni Abdallah, na wako waliosema ni Malik au Amri. Lakini kwa jina la Abu Mihjan hapana asiyemjua katika waliosoma tarekhe.

Kwao ni Taif, mji wa milimani karibu na Makka, wenye baridi na mashamba ya mizabibu. Mtoto wa Taif alikua huku akiona divai nyumbani kama mtoto wa pwani yetu anavyokua akimwona mgema akipanda mnazi alfajiri na kushuka na kibuyu. Kwake yeye ilikuwa chakula cha wageni na fakhari ya kabila, na ilikuwa mada ya mashairi yake. Twataka msomaji alikumbuke hili, kwani wako wanaodhani mlevi ni mtu aliyeamka siku moja akachagua uovu. Wengi huzaliwa ndani yake.

Mtume (S.A.W.) alipouzunguka mji wa Taif mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, Abu Mihjan alikuwa ndani ya ngome pamoja na jamaa zake, akitupa mishale. Imepokewa kwamba mshale uliompata Abdallah, mwana wa Sayyidna Abubakar, ulikuwa wake, na jeraha lile ndilo lililomuua Abdallah baadaye. Mwaka uliofuata Thaqif walisilimu, naye akasilimu pamoja nao.

Wakati huo ulevi ulikuwa umekwisha kuharamishwa. Lakini haukuharamishwa kwa siku moja. Kwanza Qur'ani ilieleza kwamba katika ulevi mna madhara makubwa kuliko manufaa. Khalafu ikakataza watu wasikaribie sala hali wamelewa, na mwenye kusali mara tano kwa siku hana nafasi kubwa ya kulewa na kulevuka. Mwisho ndipo ikaja katazo kamili, na watu wa Madina wakaimwaga pombe mpaka ikapita njiani kama maji ya mvua. Watu wa Madina walipewa miaka ya kujizoeza. Abu Mihjan alisilimu mlango ukiwa umeshafungwa, na mazoea ya umri wake wote yakabaki nje yakibisha hodi.

Alishindwa, akanywa. Katika zama za Sayyidna Omar, aliyetawala tangu 634 mpaka 644, alipigwa hadi kwa ajili ya ulevi mara nyingi; wako waliohesabu mara saba, na wako waliohesabu mara nane. Kila mara alisimama akapigwa, akenda zake, na baada ya muda akaletwa tena. Mwisho Sayyidna Omar akaamrisha apelekwe kisiwani baharini pamoja na mlinzi. Abu Mihjan akamtoroka mlinzi wake, wala hakukimbilia kwenye mizabibu ya Taif. Alikimbilia vitani, katika jeshi la Saad bin Abi Waqqas huko Iraq. Sayyidna Omar alipopata khabari alimwandikia Saad amfunge, naye akafungwa pingu katika ngome.

Tuseme kweli hapa: Tabari ana riwaya nyingine, kwamba alifungwa kwa ajili ya mashairi yake ya kuisifu divai, si kwa kuinywa siku zile. Kwa jambo tunalolitaka, riwaya zote mbili zatufikisha pamoja.

Vita vya Qadisiyya vilipiganwa mwaka wa 636 kwa hisabu ya wengi, baina ya Waislamu na jeshi kubwa la Waajemi lililoongozwa na Rustam. Saad, aliyekuwa jemadari, hakuweza kupanda farasi; alikuwa na majipu na maumivu yaliyomshika mapajani, hata kukaa hakuweza. Alilala kifudifudi juu ya mto katika dari ya ngome akiviangalia vita kutoka juu na kutuma amri zake chini. Na chini ya dari hiyo hiyo alikuwako Abu Mihjan na pingu zake, asikia farasi, asikia takbiri, asikia watu wa kabila lake wakiitana, naye hawezi kutoka.

Alipanda juu akamwomba Saad amsamehe amwachie apigane. Saad akamkemea, akamrudisha. Hapo akamwendea Salma binti Khasafa, mke wa Saad, akamwomba amfungue na amwazime Balqaa, farasi jike wa Saad, na akamwahidi kwa Mwenyezi Mungu kwamba akisalimika atarudi mwenyewe atie miguu yake katika pingu. Na akiuawa, basi watakuwa wamepumzika naye. Salma alikataa. Abu Mihjan akarudi mahali pake akiburura mnyororo na kuimba beti za huzuni juu ya mtu anayefungwa hali wenzake wapigana. Salma akazisikia. Akamtaka Mwenyezi Mungu ushauri katika jambo lile, khalafu akarudi akamfungua, kwa kuitegemea ahadi yake tu. Fahamu kwamba mama huyu aliliamini neno la mlevi aliyepigwa mara nane. Wangapi katika sisi wangefanya hivyo?

Akatoka juu ya Balqaa, akapita mbele ya safu za Waislamu, akazishambulia safu za Waajemi upande wa kulia, khalafu upande wa kushoto, khalafu katikati, na watu wasijue ni nani, kwani hawakumwona asubuhi ile wala jana yake. Wako waliodhani ni Khidhri, na wako waliosema lau malaika wangeonekana katika vita tungesema ni malaika. Saad kule juu alikuwa akistaajabu. Mwendo ule aliujua kuwa ni wa Balqaa, na pigo lile alilijua kuwa ni la Abu Mihjan; lakini Balqaa yuko bandani na Abu Mihjan yuko pinguni.

Usiku ulipoingia na watu wakatengana, Abu Mihjan akarudi ngomeni, akamrudisha farasi mahali pake, na akaitia miguu yake katika pingu kwa mkono wake mwenyewe.

Sisi twaona kwamba saa ile ndiyo aliyoacha ulevi, ingawa yeye mwenyewe hakulisema mpaka baadaye. Hapakuwa na askari wa kumrudisha. Jangwa lilikuwa wazi mbele yake, farasi mwema chini yake, usiku umeingia. Mtu aliyemtoroka mlinzi wa Omar kisiwani ameshindwaje kumtoroka mwanamke mmoja? Hakushindwa, bali hakutaka. Mtu ambaye watu wote walikuwa wamekwisha kumhukumu kuwa hawezi kujizuia, alijizuia pale ambapo hapana aliyemwona.

Salma na mumewe walikuwa wamekosana. Siku ya kwanza ya vita alimtaja kwa kumlilia Muthanna bin Haritha, mume wake wa kwanza aliyekuwa jemadari kabla ya Saad, naye Saad akampiga kofi. Walipopatana ndipo alipomweleza khabari ya Abu Mihjan. Saad akamwita, akamfungua, akaapa kwamba hatampiga tena kwa ajili ya ulevi mtu ambaye Waislamu wamenufaika kwake namna ile. Abu Mihjan akajibu kwa kiapo chake yeye, kwamba hatainywa tena. Na sababu aliyoitoa yastahili kusomwa mara mbili. Katika riwaya moja alieleza kwamba alikuwa akinywa kwa kuwa hadi ilikuwa ikimtakasa, na sasa imeondolewa hana cha kumtakasa. Katika riwaya ya Ibn Sirin alieleza kwamba alikuwa akiona kisirani kuiacha kwa ajili ya viboko vyao.

Hii ya pili twaijua sana huku bara ya Mombasa. Mke analia, mama analaani, wazee wa msikiti wanamsema mtu kwa jina baada ya sala ya Ijumaa, vijana wanamzomea akitoka mangweni. Naye kila akisemwa huenda zaidi, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba yeye ndiye aliyemwachisha. Hatusemi kwamba hadi si haki. Ni sheria, na maimamu waliisimamisha. Twasema kwamba fimbo humzuia mtu mkono, na nia ni kitu kingine. Imo katika Bukhari khabari ya mtu mmoja aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ulevi, na mtu mwingine akamlaani, Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mlevi yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Basi ndugu yetu wa Likoni ajue kwamba njia iko. Hatuvidharau vikao. Vilianza Akron, huko Marekani, mwaka wa 1935, kwa mfanya biashara wa hisa aitwaye Bill Wilson na tabibu aitwaye Bob Smith, na wamenufaika kwavyo watu wengi wa dini mbali mbali. Anayeweza kukaa humo na akae. Lakini hata huko Marekani si walio wengi waliopita mlango huo. Walipochunguzwa watu wengi sana katika miaka ya 2001 na 2002, katika wale waliokuwa wamewahi kufungwa na ulevi ni kiasi cha robo tu waliowahi kupata matibabu au msaada wa vikao. Na wengi katika hao wote hawakuwa tena katika kifungo kile.

Lakini peke yake si maana yake bila ya mpango. Abu Mihjan alikuwa na mtu mmoja aliyemwamini, naye ni Salma. Nawe mtafute mmoja, asiyekuwa mpayukaji, umpe ahadi yako. Alikuwa na kazi iliyomwita kwa nguvu kuliko kileo. Na Mtume (S.A.W.) mwanzoni alikataza hata vile vyombo ambavyo watu walikuwa wakitengenezea pombe, baadaye walipozoea akavirukhusu, basi usiseme umeacha tembo na kibuyu chako kimetundikwa ukutani, au wapita mangweni kila jioni kwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Zunguka. Sheria ya mwaka wa 2010 iliweka saa za kuuza vileo, lakini mangwe haina saa. Jua saa yako ya hatari ni ipi, na saa hiyo uwe msikitini, au kazini, au na wanao.

Na ziko pesa ambazo twakuomba usizitoe. Wako wanaouza kombe na hirizi za kumwachisha mtu ulevi, na wengine humtilia mtu dawa katika chakula asiyoijua. Hayo si dini wala si utabibu.

Tabibu wa kweli, lakini, ni wajibu kwa baadhi ya watu, na hapa hatutaki msomaji atupite kwa haraka. Anayekunywa kidogo kidogo aweza kuacha leo. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ambaye akikosa asubuhi mikono humtetemeka na jasho humtoka, huyo akikata ghafula bila ya tabibu aweza kupatwa na kifafa katika siku mbili za kwanza, au kupagawa akaona visivyokuwako siku ya pili au ya tatu au ya nne, na wengine hufa. Jamaa zake husema ni jini, wakamleta mganga, na hali mtu yuafa kwa ugonjwa unaojulikana dawa yake. Aende hospitali kwanza, aseme kweli anakunywa kiasi gani. Tabibu atampa dawa ya kumtuliza kwa siku chache, na tabibu hamwiti mtu kusimama mbele ya watu. Kuilinda roho ni katika makusudio ya sheria. Na akiteleza baada ya mwezi, ahesabu mwezi aliokaa, aanze tena. Abu Mihjan hakuacha mara ya kwanza, wala ya saba.

Alikufa mbali na kwao. Wako waliosema kaburi lake liko Azerbaijan, na wako waliosema liko Jurjan. Na kwa kuwa katika ujana wake alitunga beti mashuhuri za kutaka azikwe chini ya mzabibu, watu walisimulia kwamba kaburi lake limeota mizabibu juu yake. Ibn Hajar ameitaja khabari yake katika kitabu chake cha masahaba.

Miaka mingi baadaye mwanawe aliingia kwa Muawiya, naye Muawiya akamkumbusha beti zile za mzabibu, kwamba huyu ndiye mwana wa yule aliyesema vile. Kijana hakukasirika. Alisema kwamba akipewa rukhsa atataja maneno ya babake yaliyo mazuri kuliko hayo. Akapewa, akasoma beti nyingine za babake, za ukarimu na ushujaa na kuweka siri, na Muawiya akamtunza.