Kabalega, Mfalme wa Bunyoro

Wengi wetu tumelisikia jina la Kabalega, lakini ni wachache tunaojua jinsi nchi yake ilivyotwaliwa. Tumeona vema tuyaeleze maisha yake kwa ufupi.

Kabalega, mwana wa Mfalme Kamurasi, alirithi kiti cha Bunyoro, magharibi mwa Uganda, baada ya babaye kufa mwaka 1869. Aliunda jeshi imara lililoitwa Abarusura. Mwaka 1872 Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri, alifika Masindi akatangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Mwezi uliofuata walipigana, na Baker akalazimika kuondoka.

Serikali ya Kiingereza ilipokuja yenyewe ilitumia njia nyingine. Buganda na Bunyoro walikuwa mahasimu wa siku nyingi. Basi Desemba 1893 Kanali Colvile aliingia Bunyoro na askari wa Kisudani pamoja na maelfu ya Waganda. Ngome zilijengwa, mashamba yakaharibiwa, njaa na maradhi yakaua watu wengi. Kisha Buganda walipewa sehemu ya kusini kama ujira, pamoja na makaburi ya wafalme wengi wa Bunyoro.

Kabalega hakusalimu amri. Alipigana akiwa mafichoni hata tarehe 9 Aprili 1899, alipokamatwa katika nchi ya Lango, akajeruhiwa na mkono wake ukakatwa. Na ni nani aliyekamatwa pamoja naye? Ni Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliyekuwa ameasi mwaka 1897. Vita vya panzi, furaha ya kunguru! Mahasimu wale wawili walihamishiwa visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alibatizwa, akaitwa Yohana.

Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi, lakini alifariki Jinja tarehe 6 Aprili kabla ya kufika kwake. Alizikwa Mparo, karibu na Hoima.

Ugomvi wa ile ardhi haukuzikwa naye. Mwaka 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura, wakarudi Bunyoro. Hapo Waingereza walikuwa wamekwisha ondoka, nao majirani wameachiwa kupatana. Tunapomkumbuka Kabalega, na tuwe waangalifu na mgeni anayetuahidi shamba la jirani yetu.