Mekatilili wa Menza: kutoka Kisii kwa miguu

Kila nipitapo Kisii, mji ambao Wagusii wenyewe huuita Bosongo, namkumbuka bibi mmoja wa kwetu Pwani. Mlima na baridi ile si ya mtu aliyezaliwa Ganze. Lakini huko ndiko Mwingereza alikomtupa Mnyazi wa Menza, sisi twamjua kwa jina la mwanawe: Mekatilili.

Kosa lake? Alikataa kodi ya nyumba, na akakataa vijana wa Kigiriama wachukuliwe kufanya kazi za mashamba na za serikali. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maziko, watu wakamfuata. Pale Kaya Fungo wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi. Agosti 1913 akakabiliana na afisa Arthur Champion mkutanoni. Husimuliwa kwamba alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamwambia mzungu ajaribu kuchukua kimoja aone.

Oktoba mwaka huo akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Nadhani serikali ilidhani umbali ni gereza tosha. Tena nchi ile ya Wagusii ilikuwa bado na kidonda chake: ilipigwa 1905, ikapigwa tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote. Januari 1914 wawili hao wakatoroka. Kwa barabara za leo ni kilomita zipatazo 900 mpaka Malindi. Wao hawakuwa na matatu. Walipita msitu, nyika na Taru, mama mtu mzima, wakafika.

Agosti 1914 serikali ikatia baruti Kaya Fungo. Hapa ndipo mimi husimama sana. Kaya si jengo la mawe kama Gede au Ngome ya Yesu. Ni msitu, malango, makaburi, na fingo iliyozikwa. Baruti ililipua lango na miti ikachomwa, vita vikazuka, Mekatilili akakamatwa tena. Aliporudi 1919 alikaa kwenye baraza la wanawake la kaya hiyo hiyo. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini. Mwaka 2008 UNESCO ikaziandika kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia, na hiyo ya Fungo imo.

Msitu umeota tena, lakini vigango je? Hivyo ni vigogo vilivyochongwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha gohu, na kwa mila havifukuliwi: hukaa mahali vilipowekwa mpaka mchwa avimalize. Watu wakaviiba, vikauzwa kwa watalii, vikaishia Marekani. Viwili vilirudishwa 2007, na vingine 30 vikaja 2019 kutoka makumbusho ya Denver. Vingi havijulikani vilitoka boma lipi.

Kule Tabaka, Kisii, fundi huchonga jiwe ambalo mchwa haliwezi, na huchonga ili auze. Hakuna ubaya. Kigango si hivyo. Wakubwa wa makumbusho hutaka kukitia kwenye kioo kisioze, na wazee hutaka kirudi ardhini. Mimi niko na wazee, hata kama mjukuu wangu hatakiona. Kilicho na boma kirudi bomani, na ulinzi wa kijiji ulipwe. Visivyo na boma, wazee wa kaya ndio waamue, si ofisi ya Nairobi.