Mtakatifu Giuseppe Moscati: Kutoka Altareni Hadi Wodini

Wapendwa Taifa la Mungu, sisi tulio wachungaji wenu tunaulizwa mara nyingi: mlei ataiishije imani yake siku ya Jumatatu, kazini, ambako hakuna anayesali? Leo tunawaalika kuyatafakari maisha ya daktari mmoja aliyelijibu swali hilo kwa matendo.

Giuseppe Moscati alizaliwa Benevento, kusini mwa Italia, tarehe 25 Julai 1880, mtoto wa saba kati ya tisa wa hakimu Francesco Moscati. Familia yake ilihamia Napoli angali mdogo. Kaka yake Alberto, akiwa jeshini, alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia kichwa na kupatwa na kifafa. Giuseppe alitumia saa nyingi kumuuguza, na kando ya kitanda kile alijifunza mapema uchungu wa mgonjwa na wa jamaa zake. Mwaka 1903 alihitimu udaktari kwa heshima ya juu.

Katika vyuo vya tiba vya wakati ule, wasomi wengi waliona kwamba sayansi imeifuta imani. Moscati hakuificha imani yake. Kila asubuhi alishiriki Misa Takatifu na kupokea Komunyo, kisha akaenda kwa wagonjwa wake katika Hospitali ya Incurabili. Hata katika chumba cha kupasulia maiti aliweka Msalaba, ili wanafunzi wake wakumbuke mbele ya nani wanafanya kazi.

Mwezi Aprili 1906 mlima Vesuvius ulilipuka. Moscati alikimbilia Torre del Greco, kwenye tawi la hospitali walimolazwa wazee na waliopooza, akahimiza watolewe wote, naye mwenyewe akasaidia kuwabeba. Punde tu baada ya mgonjwa wa mwisho kutolewa, paa liliporomoka kwa uzito wa majivu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwatibu wanajeshi wapatao 3,000.

Imani hiyo haikumfanya mzembe katika taaluma. Alifanya utafiti katika maabara, na alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa Napoli kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa insulini. Alipoweza kupanda cheo chuo kikuu, alichagua kubaki wodini, akiwafundisha madaktari vijana kando ya vitanda. Hakuoa; alijitoa kwa Mungu katika useja, akaishi na dada yake Nina.

Lakini kipimo kikubwa kilikuwa fedha. Nyumbani kwake wagonjwa walikuta chombo cha kutilia malipo: mwenye nacho aweke, asiye nacho achukue. Maskini aliyefungua karatasi ya dawa aliweza kukuta ndani yake fedha za kununulia dawa hiyo.

Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 12 Aprili 1927, alishiriki Misa, akapita wodini, akarudi nyumbani kuwapokea wagonjwa. Alasiri alijisikia vibaya, akaketi kitini, akafariki dunia akiwa na miaka 46. Masalia yake yamehifadhiwa katika kanisa la Gesù Nuovo, Napoli. Papa Paulo VI alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1975, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987, wakati Sinodi ya Maaskofu ikijadili wito wa walei.

Ndugu wapendwa, wengi wetu si madaktari. Lakini yupo muuguzi wa zamu ya usiku anayeitwa kwa mara ya tano, yupo mfanyabiashara mwenye mizani mkononi, yupo karani anayeombwa sahihi na mjane asiye na kitu kidogo cha kutoa. Hao wanaosimama mbele yetu ndio watakaojua kama Komunyo ya Dominika imetufikia moyoni. Tuanze na mmoja wao juma hili: tumhudumie kwa haki, kwa upole, na bila kumdai asichodaiwa.

Mtakatifu Giuseppe Moscati, utuombee.